Mhojiwa Namba Saba

Wiki iliyopita mtoto wa Mama Leokadia alinipigia simu kuniambia mama amefariki, na kabla sijamaliza kumpa pole akaniuliza kama msalaba ungeweza kuwa tayari kesho yake. Sikumlaumu. Mimi ndiye mchora mabango wa mtaa wetu hapa Sumbawanga, saluni zote zenye picha ya mwanamke mwenye shingo ndefu kupita kiasi ni kazi ya mkono wangu, na misalaba nayo imo. Nikifika msibani watu hawajui kama nimekuja kulia au kuchukua vipimo. "Andika L tu, halafu jina la ukoo," mtoto akasema, "ubao wenyewe mdogo." Nikamwambia sawa. Nikakaa kwenye kigoda, brashi mkononi, rangi nyeusi imeshakorogwa, nikashindwa kuanza. Jina la yule mama nilishawahi kuliandika mara moja, lote, mwanzo mpaka mwisho, nikiwa na miaka ishirini na mbili, na ilibaki kidogo tu limponze.

Mwaka ule nilikuwa na kazi kwenye taasisi. Nasema taasisi kwa sababu bango lilisema hivyo, na bango niliandika mimi. TAASISI YA UTAFITI WA SERA NA SHERIA. Sikupima kabla ya kuanza, kwa hiyo TAASISI ilikaa kwa raha kama imelala kitanda cha peke yake, halafu SHERIA ikabanana pembeni mpaka ile A ya mwisho ikapanda juu ya I. Mwenye taasisi, Dada Felisia, alitoka nje akaliangalia bango muda mrefu. Alikuwa na miaka kama thelathini na tano, mtoto wa hapahapa mjini aliyesoma chuo Dar es Salaam na kurudi na maboksi ya vitabu, na kwa baridi yetu alivaa masweta mawili, moja juu ya jingine. Nikajua sasa nafukuzwa. Akauliza, "Kifipa unakijua?" Nikamwambia nakijua kuliko Kiswahili. "Na shule uliishia wapi?" Nikamwambia kidato cha pili, mimi na shule tuliachana kwa makubaliano, kila mtu alikuwa amemchoka mwenzake. Akacheka, akasema njoo Jumatatu. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye mambo ya kurekebisha sheria za nchi, mtu ambaye hata mstari ulionyooka ulikuwa unanishinda.

Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga. Kila kitu chetu kilikuwa na unga. Ukifungua faili linatoa vumbi jeupe, ukipiga chafya unatoka umezeeka. Mchana tulikula ugali wa ulezi na dagaa wa Kirando aliokaanga mama mmoja pale nje, tukila mezani juu ya ripoti, na Dada Felisia alikuwa na tabia ya kufundisha huku anatafuna. Alisema sheria yoyote, hata ndogo ya halmashauri, lazima uiulize maswali mawili: inamlinda nani, na inamchelewesha nani. Ikiwa haimlindi mtu na inamchelewesha mtu, iondolewe. "Serikali siyo mbaya, Oska," aliniambia. "Ila ikitaka kushika kila kitu, mikono inajaa, na vya maana ndivyo vinavyoanguka." Nilikuwa naitikia kwa kichwa kama msomi. Ukweli nilikuwa naangalia dagaa waliobaki. Lakini maneno yale yaliingia, maana leo nina miaka zaidi ya hamsini na bado nikiona fomu yoyote namuuliza mwenye fomu, kaka, hii inamlinda nani? Wananichukia sana kwenye ofisi za watu.

Utafiti wetu mkubwa ulianzia ukutani. Ukuta kati yetu na mashine ulikuwa mwembamba, na mashine ikizimwa unasikia foleni ya akina mama kama umekaa nao. Siku moja tukasikia mmoja anasema, "Kibali nimekiomba, afisa kaenda semina."

"Na pombe je?" mwingine akauliza.

"Pombe haina habari na semina. Imeiva juzi."

Wakacheka, na Dada Felisia akaacha kutafuna. Akaniambia nitoke nikawaulize. Nikatoka, nikawasalimu, nikarudi na habari nzima. Kwetu Ufipa mvua ikishakolea na nyasi zikiwa ndefu watu wanapiga yale matuta ya duara, wanafukia nyasi chini ya udongo zioze, mwakani ndipo unasambaza na kupanda ulezi. Ni kazi ya jembe hasa, huwezi mwenyewe. Kwa hiyo mwenye shamba anapika pombe ya ulezi, anaita majirani, wanalima asubuhi mpaka jua lipande, halafu wanakunywa. Hakuna anayeuziwa. Wiki ijayo pombe iko kwa mwingine, na wewe unaenda na jembe lako. Sasa halmashauri ilikuwa na sheria ndogo ya vilabu vya pombe, na nia yake ilikuwa nzuri tu, watu wasiuziwe pombe chafu. Lakini aliyeiandika aliandika "mtu yeyote atakayepika". Mtu yeyote. Kumbe na mama wa matuta naye kaingia. Aombe kibali kata, kiende wilayani, kirudi, na wakati kinarudi pombe imeshaiva, imeshachacha, imekuwa dawa ya kusafishia sufuria. Wengi walikuwa wanapika tu bila kibali na kuomba Mungu.

Dada Felisia akaandaa dodoso. Nilipewa baiskeli na karatasi, nikapewa na somo: jina la mhojiwa halijazwi, inawekwa namba. Namba moja, namba mbili, hivyohivyo. Niliitikia. Halafu nikapanda baiskeli nikaenda kuharibu.

Kijiji sitakitaja. Kiko upande wa barabara ya kushukia bondeni, kule Kaoze, lakini bado juu, kwenye upepo. Mama Leokadia alikuwa wa saba kumhoji. Mjane, kama miaka hamsini, mfupi, na mdomo wake haukuwa na likizo. Nilimkuta anaanika kimea, ule ulezi uliooteshwa, kwenye mkeka. Nikamwambia shikamoo Mama.

"Marahaba. Wewe ndiye mtu wa serikali?"

"Hapana Mama, sisi ndio tunaotaka serikali ipungue kidogo."

"Ipungue iende wapi?" akaniuliza. "Maana ikija huku kwangu sina pa kuilaza."

Aliniingiza jikoni, akanikalisha karibu na moto, akanipa maharage na viazi, akaniangalia nikila kama anayenipima uzito. Nikamuuliza maswali yote. Amepika mara ngapi tangu mvua zianze, mara tatu. Mitungi mingapi. Kibali alikuwa nacho? "Kibali kilikuwa kinakuja," akasema, "labda kilipotea njia." Nilijaza kila kitu. Mwisho akainama juu ya karatasi, ingawa kusoma kwake kulikuwa kwa kubahatisha, akauliza, "Na jina langu umeliweka wapi?"

Nikamwambia, Mama, wewe hapa ni namba saba.

Akainuka kutoka kwenye karatasi. "Namba saba," akasema polepole. "Kama mfungwa. Nimekulisha maharage yangu, na mimi kwako ni namba saba."

Ninyi mliosoma mkamaliza mtasema ningemweleza umuhimu wa usiri. Mimi nililelewa na katekista aliyekuwa anatuambia jina la ubatizo ndilo Mungu atakaloita siku ile, na kulipunguza ni kumkosea mtu heshima. Ukoo wetu hata barua ya kuomba jembe inaandikwa kwa jina zima. Nikaona aibu mpaka masikioni. Nikachukua kalamu, nikafuta namba, nikaandika jina lake la ubatizo, la kipaimara, la baba yake na la marehemu mumewe, na kijiji, na kitongoji. Nikamsomea. Akalisikiliza lote kama mtu anayesikiliza wimbo wake, akasema, "Hapo sawa." Akaniongezea kiazi. Halafu kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza heshima, jioni nikafanya hivyohivyo kwenye karatasi za wale sita wa kwanza.

Ripoti ilitoka nzuri. Dada Felisia aliandika usiku na mchana, na kwa haraka ya kuwahi kamati ya madiwani akaniambia nitoe nakala za madodoso niziweke nyuma kama kiambatisho, yeye hakuyapitia tena kwa sababu aliniamini. Neno hilo, kuniamini, bado linanikwaruza. Nilipeleka nakala kwa mikono yangu, nimevaa shati la Krismasi.

Siku ya nne yake akaniita chumba cha ndani. Alikuwa ameketi na ripoti mbele yake, imefunguliwa nyuma. Akavua miwani. Mashine ilikuwa imezimwa, na akina mama upande wa pili walikuwa wanasimuliana juu ya mbuzi wa mtu.

"Oska, hawa ni akina nani?"

"Ni wahojiwa, Dada."

"Kila mmoja na kijiji chake na makosa yake, na mara ngapi."

Ndipo nikaona. Nilikuwa nimeandika hati za mashtaka saba, kwa mwandiko mzuri. Akaniambia diwani wa ile kata amempa mtendaji nakala yake, na mtendaji amemwita Mama Leokadia ofisini kwake kesho asubuhi. Mtu wa kule ndiye aliyemletea Dada habari hizo. Na kesho ilikuwa siku yake ya matuta, pombe tayari iko kwenye mitungi, majirani wameshaalikwa. Mvua zilikuwa zinaishia. Akikosa kazi ya ile siku, nyasi zikikauka, matuta hakuna, na mwakani hana pa kupanda ulezi. Nilianza kusema ni kosa langu. Akanikatiza. "Wewe uliandika, mimi sikusoma. Ni letu wote wawili. Katafute gari."

Mwenye mashine alitupa pikapu yake, na asubuhi tukaondoka tumekaa mbele watu watatu na gunia la pumba. Tulipofika ofisi ya kata Mama Leokadia alikuwa kwenye benchi, amevaa kitenge cha kanisani. Kando ya ukuta ilikaa mitungi yake mitatu, imefunikwa kwa majani, ikiwa ni kielelezo. Mtendaji alikuwa ameifuata mapema.

Nikapiga magoti pale pale sakafuni, nikamwambia Mama, ni mimi. Ni lile jina. Niliambiwa nisiliandike.

Akaniangalia. "Uliambiwa na nani?"

"Na huyu Dada."

"Na nani alikuambia uliandike?"

Nikaitazama ile mitungi.

"Ni mimi," akasema. "Basi inuka, suruali yenyewe moja."

Mtendaji hakuwa mtu mbaya, na nataka niliseme hilo. Alikuwa kijana aliyenizidi umri kidogo tu, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakulala. Dada Felisia alimwambia karatasi zile zilikuwa za utafiti, siyo za kesi. Akajibu kwa upole, "Dada yangu, sheria sikuitunga mimi. Mmeniletea karatasi yenye jina, siku na idadi ya mitungi. Nisipomwita, mtaandika ripoti nyingine kwamba mtendaji wa kata analala." Wakabishana vifungu. Na wakati wanabishana, pombe, ambayo haikuwa imeambiwa kuwa ni kielelezo, iliendelea na kazi yake. Mtungi wa kwanza ukatoa sauti kama mtu anayevuta kamasi, majani yakainuka, povu likashuka taratibu mpaka sakafuni, likapita chini ya meza, likafika kwenye viatu vya mtendaji. Akainua miguu. Akaendelea kusoma kifungu miguu ikiwa juu.

"Mwanangu," Mama Leokadia akamwambia, "hiyo leo ndiyo siku yake. Kesho huwezi hata kumpa nguruwe."

Akamwangalia, akaangalia sakafu, nikaona kabisa anatamani kusema chukua uende. Hakusema. Alisema shauri litasikilizwa wiki ijayo, mama arudi nyumbani, pombe ibaki, na asipike nyingine mpaka hapo. Aliandika kila kitu kwa mwandiko mdogo, hakutuangalia.

Tulimrudisha kwa pikapu. Njia nzima alikuwa anatania, mara pumba zinanichafua kitenge, mara huyu dereva amejifunzia kwenye mkokoteni. Lakini mkono wake ulishika dirisha na haukuachia. Nilijua anachofikiria, kwa sababu na mimi nilikuwa nafikiria hichohicho: watu wamekuja, wamekuta hakuna pombe, wameondoka na majembe yao, na wana haki.

Pikapu ilipanda kale kamlima ka mwisho, na shamba likaonekana.

Lilikuwa limelimwa. Matuta ya duara, mapya, meusi, mistari kwa mistari mpaka kwenye ule mti wa mpakani, na watu kama ishirini wako upande wa mwisho wanamalizia, hakuna anayeimba. Kwetu watu kulima kavu, bila pombe, ni jambo la msiba tu. Unamlimia aliyefiwa, kwa sababu hana mikono ya kupika. Mama Leokadia alishuka akasimama pembeni ya shamba.

Jirani yake, mzee mmoja mrefu aliyekuwa na jembe begani, akaja akifuta jasho. "Pole na msiba," akamwambia.

"Msiba gani?"

"Si umefiwa na mitungi mitatu."

Akajifunika uso kwa kitenge cha kanisani, mabega yakaanza kutikisika, na mpaka leo sijui alikuwa anacheka au analia. Dada Felisia alivua sweta la juu, akachukua jembe la mtu. Alipiga tuta moja. Lilikuwa tuta baya kuliko yote niliyowahi kuona Ufipa, lilifanana na bango langu, na watu walilisifia kwa heshima.

Shauri la wiki iliyofuata halikusikilizwa. Kielelezo kilikuwa kimekuwa siki, na ofisi ya kata ilinuka mpaka Pasaka. Mtendaji alirudisha mitungi mwenyewe, kwa baiskeli, mmoja mmoja. Na madiwani walipokaa kujadili ripoti yetu, Dada Felisia aliomba mwananchi mmoja aruhusiwe kusema, akamwambia kabla, Mama, safari hii huna haja ya kutaja jina. Alisimama mbele ya ukumbi mzima na kitenge kilekile. "Mimi ni Namba Saba," akasema. "Jina mnalo, mlishalisoma." Ukumbi ukaangua kicheko, hata diwani wake akainamisha kichwa akicheka. Halafu akawaambia maneno machache tu, kwamba pombe ikiiva haiendi semina, na kwamba hakuna hata mmoja mle ndani ambaye mama yake hakulimiwa hivyohivyo. Baadaye waliongeza mstari mmoja kwenye sheria: anayepika kwa ajili ya kazi ya shamba, bila kuuza, haombi kibali, anamjulisha mwenyekiti wa kitongoji. Dada Felisia alikuwa ameomba kurasa nne ziondolewe. Alipata mstari mmoja uongezwe. Tulirudi ofisini akakaa kwenye unga akausoma ule mstari kwa sauti, mara mbili, akalia, akaniambia nikamnunulie dagaa.

Taasisi haikudumu. Mwaka uliofuata wafadhili walihamia mambo mengine, Dada Felisia akaitwa kazi Dodoma, na bango langu likawa mlango wa banda la kuku. Mimi nilibaki na brashi. Lakini kila mvua zikikolea nilikuwa natafuta lifti kwenda kule, na nikifika kwenye uzio napiga kelele, "Namba Saba yupo?" na kutoka jikoni najibiwa, "Yupo, kama umekuja na jembe." Nilikuwa naenda nalo. Miaka yote hiyo. Mwaka jana alikuwa haoni vizuri tena, akanishika uso kwa mikono yote miwili, akaniambia nimekonda, na nilikuwa sijakonda hata kidogo.

Kwa hiyo nilikaa na ule ubao. Mtoto amesema L tu. Mwishoni nikachovya brashi nikaandika jina la ubatizo, la kipaimara, la baba yake, la mumewe. Sikupima. Herufi za mwisho zilibanana pembeni kama kawaida yangu, na A ikapanda juu ya jirani yake. Dada Felisia alikuja kwa basi kutoka Dodoma, ana mvi sasa na masweta bado mawili, akaingia kibandani kwangu, akaliangalia jina muda mrefu kama alivyoliangalia lile bango.

"Umeliandika lote," akasema.

"Safari hii hakuna wa kumwita ofisini."

Akageuza msalaba, akaona mguu wa chini, ile sehemu inayozama kwenye udongo. Nilikuwa nimeandika pale kitu kidogo kwa rangi nyeupe, nikijua kitafukiwa na hakuna atakayekiona. Akapitisha kidole juu ya ile saba, rangi ilikuwa bado mbichi, ikamshika. Hakuifuta mkononi. Tulienda nayo mpaka makaburini, na majirani wakachimba, na ile siku watu walilima kavu shamba la watoto wake, mimi nikiwemo, na tuta langu lilikuwa baya.